Majina ya chooni yaliyozaa mchezo wa kuigiza bustanini

Hivi wewe umewahi kusoma ukuta wa choo? Usijifanye mstaarabu hapa. Vyoo vya stendi, vya baa, vya shule, vyote vina fasihi yake: Juma alipita hapa, fulani anampenda fulani, na mengine ambayo mhariri wangu hatakubali niyaandike. Tunasoma, tunacheka, tunamaliza kilichotupeleka, tunaondoka. Akija fundi rangi, hadithi imekwisha.

Sasa nisikilize. Kule Uingereza, kusini magharibi kabisa, kwenye mkoa unaoitwa Cornwall, kuna choo kimoja ambacho ukuta wake fundi rangi haugusi hata kwa mtutu wa bunduki. Kilikuwa choo cha watunza bustani wa jumba moja la kitajiri liitwalo Heligan. Ukutani kuna majina ya vijana hao, yameandikwa kwa penseli, na tarehe ni Agosti 1914. Mwaka 2013 makumbusho ya vita ya nchi ile, Imperial War Museum, yalikitambua choo hicho kuwa kumbukumbu hai ya vita. Choo, msomaji wangu! Na mwaka 2014 watu wa sehemu zile wakatoka majumbani kwao na kuigiza habari hizo kutwa nzima, kuanzia alfajiri mpaka giza lilipoingia.

Nimeamua kukuletea habari hii wiki hii kwa sababu maigizo ya namna hiyo, yaani watu wa kawaida kuigiza ndani ya bustani habari za bustani hiyo wakati wa vita, wenzetu wameyakamata kweli kweli. Na mwishoni utaona kwamba kamba yake inafika mpaka Kariakoo. Tulia, tutafika.

NANASI LA SAMADI

Heligan ni eneo la ekari kama 200, mali ya ukoo wa Tremayne, mabwanyenye waliokaa pale karne na karne. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza walikuwa na watunza bustani 22. Ishirini na wawili, kwa nyumba moja! Na wala usiwafikirie kama wale jamaa wa kumwagilia maua asubuhi kisha kulala kivulini. Hawa walikuwa mafundi. Walikuwa wanaotesha matikiti na mananasi katika nchi ambayo barafu inadondoka.

Unauliza mananasi yanaotaje kwenye barafu? Walijenga mashimo ya matofali, juu wakafunika vioo, pembeni wakashindilia samadi mbichi ya farasi. Samadi ikioza inatoa joto, joto linapita kwenye matofali, nanasi lenyewe linadhani liko Kiwangwa. Kazi ya kubadilisha ile samadi, kuipiga uma na kuigeuza, ilikuwa ya mikono, mwaka mzima. Bustani hiyo ilipofufuliwa miaka ya 1990, shimo la mananasi nalo lilifufuliwa. Nanasi la kwanza wakalionja wenyewe kuhakikisha halina ladha ya samadi. Lililofuata wakalipeleka kwa Malkia Elizabeth, mwaka 1997. Ningekuwa mimi ningeonja mara mbili kabla ya kuthubutu.

Basi, ndio hao walioandika majina chooni mwezi ule ule vita ilipoanza. Walikwenda vitani, na wengi wa waliokwenda hawakurudi. Jumba likageuzwa kuwa mahali pa maofisa waliojeruhiwa kupumzikia. Baada ya vita mwenye mali naye akahamia Italia, nyumba ikapangishwa, na bustani bila mikono ni pori tu. Miiba ikapanda, miti ikaangukia vioo, kuta zikamezwa na mimea ya kutambaa. Miaka 70 hivi! Mpaka mwaka 1990, baada ya dhoruba kubwa ya Januari, mrithi mmoja wa ukoo ule, John Willis, aliingia na jamaa aitwaye Tim Smit wakianza kukata pori. Huyu Smit, kwa taarifa yako, alikuwa mtu wa muziki, mtayarishaji wa nyimbo za studio. Ndani ya pori wakakuta kachumba kadogo kalikobomoka, kumbe ni choo, na majina yanaonekana kwa mbali. Mwaka 1992 bustani ikafunguliwa kwa watu wote.

Pale ndipo hadithi nzima ilipogeuka. Wangeweza kuifufua bustani kwa ajili ya sifa za mabwanyenye, picha zao na mavazi yao. Wakaamua kuwa bustani hii ni ya wale waliokuwa wanageuza samadi.

KUTWA NZIMA KWA MIGUU

Kikundi kilichoandaa mchezo kinaitwa WildWorks, cha huko huko Cornwall, na kiongozi wake siku hizo alikuwa Bill Mitchell, ambaye alifariki mwaka 2017. Hawa ni watu wa kuigiza mahali jambo lilipotokea. Mwaka 2011 walishirikiana na mwigizaji maarufu Michael Sheen kuigiza mateso ya Yesu katika mji wa viwanda wa Port Talbot kule Wales, siku za Pasaka, mitaani, na wakazi wa mji wakawa ndio waigizaji. Ukumbi kwao ni kama gereza.

Siku waliyoichagua ni tarehe 3 Agosti 2014. Hesabu mwenyewe: Uingereza ilitangaza vita tarehe 4 Agosti 1914, kwa hiyo tarehe 3 ndiyo siku ya mwisho ya amani, ambayo mwaka ule ilikuwa Jumatatu ya sikukuu, watu hawakwenda kazini. Mchezo wakauita 100: The Day Our World Changed, yaani Mia Moja, siku ambayo dunia yetu ilibadilika. Ulianza alfajiri kwenye bandari ya wavuvi ya Mevagissey, ukapita katikati ya kijiji, ukapanda mlima kwenda Heligan, na ukaishia bustanini jioni. Watazamaji hawakukaa. Walitembea. Mwigizaji akienda, nawe unakwenda, na asiye na viatu vizuri shauri yake.

Waigizaji wengi walikuwa watu wa pale pale, wakiwakumbuka vijana wa vijiji vyao. Hebu jiweke pale. Kijana unayemfahamu, wa nyumba ya tatu kutoka kwako, amevaa kofia ya mwaka 1914, anakupita akiondoka. Unajua ni mchezo. Unajua jioni mtakutana naye baa. Lakini ukiangalia umri wake ndio umri wa yule wa ukutani, na njia anayopita ndiyo njia yenyewe. Mimi katika maandishi yote ya vita niliyowahi kukaririshwa shuleni, sijui Sarajevo, sijui miungano ya mataifa, sababu za muda mrefu na sababu za muda mfupi, hakuna hata kitu kimoja kilichonifanya nifikirie kijana aliyeacha uma wa samadi umesimama udongoni.

Na hapa niseme jambo ambalo baadhi ya wapenzi wa majukwaa makubwa watanikasirikia. Mchezo wa bustanini una shida zake. Sauti inapotea kwenye upepo. Mvua ya kule haina adabu, inakuja bila hodi. Mtoto analia, mbwa anabweka, ndege inapita juu ya mwaka 1914. Waigizaji wengine ni wauza samaki na walimu, na wengine hawajui kuigiza, tusidanganyane. Lakini bustani yenyewe inaigiza. Ukimweka mtu kwenye shimo la mananasi na samadi inafuka moshi, hana haja ya maneno mengi. Ndiyo maana wanaojua kazi hii huandika maneno machache na kuacha mahali paseme.

Gharama za Heligan zilisaidiwa na mpango wa taifa wa sanaa ulioitwa 14-18 NOW, uliodumu kuanzia 2014 mpaka 2018 kwa ajili ya miaka 100 ya vita ile. Likariri jina hilo, tutalihitaji tena.

MAUA NJE, KABICHI NDANI

Vita ya kwanza iliwaondoa watunza bustani. Vita ya pili ikafanya kinyume: kila mtu akageuzwa mtunza bustani, apende asipende.

Uingereza ya mwaka 1939 ilikuwa inakula kwa meli. Zaidi ya nusu ya chakula chake kilitoka nje, na Wajerumani walijua, wakapeleka nyambizi kuzamisha meli. Serikali ikaja na kampeni ya kulima, na jina lililoshika, Dig for Victory, yaani lima upate ushindi, lilitoka gazetini, Evening Standard la London. (Sisi waandishi tukiambiwa hatufanyi lolote, tuna la kujibu.) Mgawo wa chakula ulianza Januari 1940 kwa nyama ya nguruwe, siagi na sukari. Waliokuwa watu wazima Tanzania miaka ya 1980, waliopanga foleni ya sukari na sabuni, hawahitaji kuelezwa zaidi. Mboga hazikuwekwa kwenye mgawo, ila kitunguu kilipotea kabisa kwa sababu kilikuwa kinatoka ng'ambo ya bahari. Ikafika mahali kitunguu kimoja kinatolewa kuwa zawadi ya bahati nasibu!

Viploti vya kulima vilivyokodishwa kwa watu wa mijini vilipanda kutoka kama 815,000 mwaka 1939 hadi kama 1,400,000 mwaka 1943. Na havikutosha. Bustani za kifalme za Kensington zikapandwa kabichi kwa mistari. Hyde Park, ile unayoiona kwenye picha za watalii, ikawa na vishamba na banda la nguruwe. Handaki linalozunguka ngome ya Tower of London, walikofungwa na kukatwa vichwa wakubwa wa zamani, likaota mboga. Karibu na kanisa kuu la Wakatoliki pale Westminster, bomu lilichimba shimo, watu wakaligeuza bustani. Nguzo za chuma zilizozungushia bustani za umma zikang'olewa kwenda kuyeyushwa.

Sasa angalia lililo tamu. Wakati huo huo, kuanzia mwaka 1942, serikali haikutaka watu wapande treni kwenda kustarehe pwani, treni zilikuwa za jeshi. Ikawaambia: pumzikieni nyumbani. Halmashauri za miji zikaambiwa zilete raha kwenye bustani za umma: bendi, dansi, vikaragosi vya watoto, na michezo ya kuigiza. Kwa hiyo maigizo ya bustanini kando ya tuta la viazi wala si ubunifu wa juzi. Babu zao walikuwa wanatazama mchezo huku kabichi zinawatazama wao.

Leo mabibi na wajukuu wanaoigiza habari hizo wana nguo tayari kichwani: kitambaa cha maua, aproni, buti za mpira. Na hapo ndipo penye hatari. Mingi ya michezo hii inakuwa kama pambio: tulipendana, tulilima, tukashinda, karibuni chai na keki. Mimi hiyo keki sijainunua. Watu walikuwa wanaibiana mboga usiku kwenye viploti mpaka mahakamani. Kulikuwa na magendo. Na mgawo haukuisha na vita: mkate, ambao wakati wa vita ulikuwa huru, uliwekwa kwenye mgawo mwaka 1946, baada ya ushindi! Nyama ilikuwa ya mwisho kuachiwa, Julai 1954. Mchezo unaoishia siku ya bendera na busu umeacha miaka tisa ya njaa ndogo ndogo nje ya mlango.

MABINTI WALIONYIMWA CHAO

Anayefanya vizuri ni yule anayekwenda kuwauliza waliokuwepo. Kuna mchezo unaitwa Lilies on the Land, wa kikundi cha The Lions part, uliotengenezwa kutokana na barua na mahojiano ya wanawake waliokuwa kwenye jeshi la wanawake la mashambani, Women's Land Army. Vikundi vya ridhaa vimeupenda, vikauchukua na kuuonyesha sehemu mbalimbali za Uingereza.

Hao mabinti walifika zaidi ya 80,000 mwaka 1943. Wengine walikuwa wasusi, makarani, wauza maduka, hawajawahi kumshika ng'ombe mkia. Wakaambiwa kamua, endesha trekta, ua panya, chimba viazi kwenye tope lililoganda. Mshahara wao mwanzoni shilingi 28 kwa wiki, na hapo hujakatwa malazi na chakula, wakati mwanaume wa shambani alikuwa anapata 38. Vita ilipokaribia kuisha serikali ikasema hawatapata mafao waliyopewa wengine waliotumikia. Mkuu wao, Lady Denman, akajiuzulu mwaka 1945 kwa hasira. Wale waliokuwa hai wakaja kupewa beji ya shukrani mwaka 2008. Piga hesabu. Binti aliyeanza akiwa na miaka 20 mwaka 1940, beji ilimkuta ana 88, kama ilimkuta.

Ukijua hilo, unaelewa kwa nini bibi anayecheza nafasi ya binti huyo katikati ya bustani ya umma haigizi ili kufurahisha watalii. Anadai.

Nikumegee na Mikron kwa haraka, maana hawa ni vituko. Ni kikundi cha Yorkshire kilichoanza mwaka 1972, ambacho majira ya joto husafiri kwa boti nyembamba kwenye mifereji ya maji, waigizaji wachache ambao ndio hao hao wapiga ala, na huonyesha popote: baa, kumbi za vijiji, na humo humo kwenye viploti vya mboga. Mchezo wao mmoja kuhusu viploti unaitwa Losing the Plot. Hapo wamecheza na maneno, maana kwa Kiingereza ni kupoteza ploti na pia ni kuchanganyikiwa akili. Sehemu nyingi hakuna tiketi, kinapitishwa chombo mwishoni na unatia ulichojaliwa. Kitu ambacho vikundi vyetu vya mtaani vinakifahamu sana, ila kwetu chombo hurudi na vifungo vya shati.

KAMBA INAFIKA KARIAKOO

Sasa tuje kwenye lile nililokuahidi.

Vita ya wale vijana wa chooni ilikuwa hapa pia. Sio hadithi ya mbali. Wajerumani walikuwa ndio watawala wa Tanganyika, Waingereza wakaja kuichukua, na mapigano yakaendelea mpaka Novemba 1918. Bustani zilihusika. Kituo cha utafiti cha Amani, kule Usambara, kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, kiligeuzwa kiwanda cha vita baada ya meli kuzuiwa baharini: sabuni, mishumaa, na dawa ya malaria iliyotokana na magome ya miti. Dawa moja ya maji, chungu kupindukia, askari waliibatiza jina la pombe ya jenerali wao, Lettow.

Lakini mzigo ulikuwa vichwani mwa watu. Barabara hazikuwepo na wanyama walikufa kwa mbung'o, hivyo chakula na risasi vilibebwa na binadamu. Upande wa Waingereza peke yake wabebaji katika Afrika Mashariki walihesabiwa kwa mamia ya maelfu, wengine husema wanafika milioni, na inakadiriwa zaidi ya 90,000 walikufa, wengi kwa maradhi na njaa, si risasi. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Waingereza walipoingia Dar es Salaam Septemba 1916, wabebaji wakawekwa sehemu moja ya mji. Watu wakalitamka jina la kikosi kwa ulimi wao: Kariakoo. Nairobi nao wana Kariokor yao, asili ni hiyo hiyo.

Umeona? Mahali pale unapobanana kugombea nyanya, viazi na fungu la mchicha ni kambi ya watu waliobeba chakula wasichokila.

Na kule nyuma, mashambani, kilichobaki nini? Ugogo wanaikumbuka njaa ya Mtunya, kuanzia 1917. Majeshi yote mawili yalipita yakichukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kulima, kisha mvua ikagoma. Inakadiriwa watu 30,000 walikufa kati ya 150,000 wa eneo lile. Mtu mmoja kati ya kila watano. Heligan walipoteza watunza bustani. Dodoma walipoteza na waliobaki shambani.

Ile sanamu ya Askari pale katikati ya mji, ya mwaka 1927, imetaja wabebaji kwenye maandishi yake. Ila aliyesimama juu, ambaye wewe na mimi tunampita na daladala, ni mwanajeshi mwenye bunduki. Mwenye mzigo umtafute kwenye maandishi. Wale wa Heligan walau walikuwa na penseli na ukuta.

Kumbuka nilikwambia ukariri 14-18 NOW. Mpango huo huo uliosaidia mchezo wa Heligan ulisaidia pia mchezo mkubwa wa msanii wa Afrika Kusini, William Kentridge, kuhusu wabebaji wa Kiafrika wa vita ile. Unaitwa The Head and the Load, jina limetoka kwenye methali ya Ghana inayosema kichwa na mzigo ni taabu ya shingo. Ulionyeshwa London Julai 2018, ndani ya makumbusho ya Tate Modern, na Desemba mwaka huo ukaenda New York. Muziki, vivuli vya wabebaji ukutani, watu wanajipanga kuona. Wabebaji wa Kariakoo wamepita New York kabla hawajapita Mtaa wa Uhuru!

Na usiniambie hatuna wajuzi. Mwaka 1982 na 1983, Penina Muhando na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda Malya, kule Kwimba, hawakubeba mchezo kutoka mjini. Walikaa na wanakijiji, wakauliza shida ni nini, wakaambiwa habari za watoto wa shule kupewa mimba, na wanakijiji wenyewe wakaigiza kwa ngoma zao. Hiyo ni kabla ya WildWorks kujulikana. Bagamoyo chuo cha sanaa kipo tangu 1981. Miaka ya 1990 Muungano na TOT walikuwa wanajaza kumbi kwa maigizo, sarakasi na taarabu usiku mmoja. Kuigiza tunajua. Tulichozoea ni kuigiza kwenye ukumbi wenye bia.

Mimi njia nimeshaitembea kichwani. Tukio la kwanza bandarini, saa kumi na mbili asubuhi, mizigo inashushwa. La pili pale Askari, lakini anayesemeshwa watazamaji si yule wa juu. La tatu Mnazi Mmoja, kwenye nyasi, bibi wa Kigogo anaeleza Mtunya, na hapa ningeomba asiwe mwigizaji, awe bibi kweli aliyesimuliwa na mama yake. La mwisho Kariakoo, sokoni, kina mama wa mchicha wasifunge biashara, waendelee kuuza, na majina yasomwe katikati ya kelele zao: yale ambayo familia zitayaleta zenyewe, kutoka Dodoma, Songea, popote babu alipochukuliwa akabebeshwa.

Kutoka bandarini mpaka sokoni ni nusu saa kwa miguu, ukijizuia kununua muhogo wa kuchoma njiani. Kikundi chochote kitakachokuwa tayari kinitafute kupitia dawati la gazeti hili. Nina viatu.